Jina la Kitanda cha Kumi

Mimi ni kinyozi, na kinyozi husikia mambo hata asipoyataka. Kiti changu kilikuwa kando ya ua wa hospitali moja kubwa ya serikali hapa Kisumu. Sisi wa pale nje tuliiita Tangi, kwa sababu ya tangi la maji lililosimama katikati ya kiwanja chake kwa miguu mirefu ya chuma. Ukinyoa mahali kama pale, wateja wako ni watu wanaongoja. Wanaongoja daktari, wanaongoja dawa, wanaongoja maiti. Mtu anayengoja hunyolewa hata kama alinyolewa jana, mradi apate pa kukaa.

Ng'ambo ya njia, mbele ya kiti changu kabisa, palikuwa na dirisha la Maulizo. Ndani yake alikaa Enos Wakhisi, Mbukusu wa Kimilili, mwembamba, mpole, mwimbishaji wa kanisa la Marafiki. Enos nilimpenda, lakini kazi yake iliniudhi. Kila aliyefika dirishani aliuliza swali moja: mgonjwa wangu anaendeleaje? Na jibu lilikuwa moja: anaendelea vizuri. Enos hakuruhusiwa kusema lingine, na hata angeruhusiwa hakuwa nalo, maana hakuna mtu wa wodini aliyewahi kuja kumwambia chochote. Ukimuuliza daktari, anakwambia nenda Maulizo. Ukifika Maulizo, Enos anakutazama kwa huruma na kukwambia mgonjwa wako anaendelea vizuri, na huenda mgonjwa mwenyewe tayari yuko mochari.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya mtu wa Pap Onditi aliyeitwa Oduor. Ndugu yake alikuwa ameungua uso, akafungwa bendeji kichwa kizima. Oduor alihamia Kisumu, akawa analala kwa rafiki Manyatta, na kila mchana anamnywesha ndugu yake uji kwa kijiko, huku akimsimulia habari za ng'ombe. Alifanya hivyo msimu mzima wa mvua. Siku bendeji ilipofunguliwa, aliyetokea ni Mteso mwenye masharubu, akamshukuru sana kwa uji na kuuliza kama yule ndama mwekundu alipona. Ndugu halisi alikuwa ametoka zamani, yuko kwao analima, anashangaa Oduor amefuata nini mjini.

Oduor akalia mbele ya baraza la chifu, wakubwa wakasikia, na agizo likashuka: wananchi wapewe habari za wagonjwa wao. Agizo hilo lilimkuta Daktari Mkuu wetu, mtu wa tai na miwani, aliyekuwa amerudi kutoka kozi ya Ulaya na neno moja mdomoni: uwazi. Alilisema kila mahali. Wapishi walipounguza ugali aliwaambia shida ni kukosa uwazi. Basi akatafuta kipaza sauti, kile cheupe cha mdomo mpana, akakipandisha juu ya tangi la maji, na akamkabidhi Enos maiki, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imeshazoea kuongoza nyimbo.

Hapo ndipo Kisumu ilipopata burudani. Kila mchana, kabla lango halijafunguliwa kwa watu wa kuona wagonjwa, Enos alisoma wodi baada ya wodi: kitanda, jina, ugonjwa, hali. Upepo wa ziwa ukivuma vizuri, sauti ilifika Manyatta yote na kugusa Migosi. Watu waliacha kazi kusikiliza. Akitajwa mtu wa mtaa wao na kuambiwa anaendelea vizuri, walishangilia kama ni goli. Mwalimu mkuu mmoja mkali sana, ambaye shule nzima ilikuwa imeambiwa yuko Nairobi kwa semina, akasomwa hadharani: bawasiri, anaendelea vizuri. Aliporudi shuleni, watoto walimwekea mto kwenye kiti chake, kwa heshima kabisa. Alihama mwezi huohuo.

Baada ya hapo magonjwa yakaondolewa, yakabaki majina na hali. Ikatokea tena shida ya majina. Jamaa walikuwa wamewaandikisha wagonjwa kama wanavyowaita nyumbani, na Enos akatangaza kuwa Mama Apiyo wa wodi ya wanawake jamaa zake wafike ofisini. Kuitwa ofisini kila mtu alijua maana yake: mgonjwa amekufa. Katika wodi ile Mama Apiyo walikuwa wengi kuliko vitanda, na jamaa za wote wakaja wakilia, wengine na lori. Daktari Mkuu akakataza: kuanzia leo litasomwa jina la mtu mwenyewe, lile la kwenye kadi, na litasomwa na sauti moja tu, ya Enos, ili wananchi wasichanganyikiwe.

Nawaambia haya ili mjue Enos alivyofungiwa njia zote, wakati mama mkwe wake alipoletwa.

Mama huyo aliitwa Nakhungu. Alitolewa Kimilili kwa sababu tumbo lilikuwa limevimba, na hospitali ya huko ilikuwa imeinua mikono. Mke wa Enos, Nabalayo, ndiye binti yake, lakini alikuwa amejifungua juzi tu na yuko ndani na mtoto mchanga kule Migosi. Katika mji mzima mama huyu mzee hakuwa na mtu mwingine ila mkwe wake. Na mkwe, kwa Wabukusu, si mtu wa kumsaidia mama mkwe. Hawapeani mkono. Hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Na jina lake mkwe halitaji, hata akiwa peke yake shambani. Sisi Wajaluo tunaheshimu wakwe zetu pia, lakini angalau tunatazamana.

Enos alipika uji, akamkabidhi sista wa wodi, Maximilla, ambaye ni wa upande wa kwao na alielewa. Uji ulifika kitanda cha kumi. Shida ikaja mchana, kwenye maiki. Alisoma kitanda cha nane, akasoma cha tisa. Akasema, "Kitanda cha kumi." Kisha kipaza sauti kikatoa pumzi ya mtu. Kisha, "Kitanda cha kumi na moja."

Alikwenda kwa Daktari Mkuu kueleza. Daktari alimsikiliza, akavua miwani, akaifuta. "Enos," akasema, "uwazi hauna mama mkwe."

Akamwendea Dishon, dereva wa ambulensi, amsomee hilo jina moja tu, kwa siri. Dishon alikataa katakata. "Omera, mimi ni dereva," alisema mbele yangu, nusu ya kichwa chake ikiwa na sabuni. "Sauti yangu ikisikika huko juu mara moja, kwa jina ya mtu moja, watu watasema huyo amekufa na ni mimi nilimuua."

Kwa hiyo pengo likaendelea. Kitanda cha kumi, pumzi, kitanda cha kumi na moja. Watu wa nje wakaanza kuliongojea. Mnakumbuka miaka ile ya wapelelezi, mtu alitazama nyuma kabla ya kuuliza bei ya sukari. Kwenye kiti changu nilisikia kuwa kitanda cha kumi kimelaliwa na mkubwa aliyepotea. Nilisikia ni mganga wa ziwani ambaye maiki inamwogopa. Mwishowe akaja bwana mmoja wa suti ya Kaunda, viatu vinang'aa kuliko kazi yoyote tunayoijua, akainama kwenye dirisha la Maulizo.

"Nani yuko kitanda ya kumi?"

"Siwezi kusema, bwana," Enos akajibu.

"Hutaki kusema?"

"Nataka sana. Siwezi."

"Nani amekukataza?"

"Mke wangu," alisema Enos, maana hakujua aanzie wapi.

Bwana yule akaandika kitu, akaenda wodini mwenyewe. Alimkuta bibi kizee amegeukia ukuta, kibakuli cha uji kimejaa kando yake. Alimuuliza jina. Bibi akamwambia bila kugeuka, "Mimi nimekufa. Uliza hao wa spika." Maximilla alipotusimulia hayo, wengine walicheka. Mimi nilimwona Enos, hakucheka.

Maana hilo ndilo lililokuwa limetokea. Nakhungu hakujua kusoma, hakujua kitanda chake ni cha ngapi. Alichojua ni kuwa kila mchana serikali inawaita watu wake kutoka juu, mmoja mmoja kwa majina, wa kulia kwake na wa kushoto kwake, na yeye haitwi. Siku ya kwanza alidhani wamemsahau. Siku zilizofuata aliona amefutwa. Akaacha kula, kwa sababu mfu hali. Maximilla alimwambia, "Mama, huyo anayesoma ni mkwe wako, anakuheshimu." Mzee akamjibu kuwa mkwe wake ana kisauti cha kuku, alimsikia nyuma ya ukuta siku ya mahari, na kwamba katika wodi hii amesikia watu wangapi wakiambiwa wanaendelea vizuri, kisha shuka inavutwa. "Mnadanganya mpaka wazima," alisema.

Na daktari wa upasuaji alikuwa ameshasema yake: hampeleki thieta mtu asiye na nguvu. Ale kwanza, damu irudi. Asipokula, yeye daktari asilaumiwe.

Enos alikuja kwenye kiti changu akiwa hana nywele za kunyoa. "Mzee Dalmas," akaniambia, "nisaidie nijaribu."

"Kujaribu nini?"

"Hiyo jina. Nikiweza kusema hapa, nitaweza huko."

Nikamfunga shuka shingoni ili watu wadhani ananyolewa. Akafumba macho. "Na," akasema. Jasho likamtoka. "Na..." Nikamwambia, yawa, hilo ni jina kama majina mengine, nikalisema mimi mwenyewe, Nakhungu, Nakhungu, Nakhungu. Akaziba masikio kama nimemtukania mama. Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimwambia, "Wewe unangoja heshima imzike huyo mama?" Alilia chini ya shuka langu, na mimi nikajifanya ninanoa wembe kwenye mkanda wa ngozi.

Jioni hiyo alimweleza mkewe. Nabalayo alikuwa na mtoto kifuani. Alimwambia, "Ukitaja mama mbele ya Kisumu yote, mimi nitaficha uso wangu wapi?" Akambadilisha mtoto ziwa. "Mtaje," akasema. "Uso nitatafuta pa kuficha."

Kesho yake watu walijaa uani kuliko siku zote, kwa sababu ya habari za yule bwana wa suti, ambaye naye alikuwepo, amesimama karibu na muuza njugu kana kwamba anapenda njugu. Enos alisoma wodi za wanaume kwa haraka. Akafika kwa wanawake. Kitanda cha nane, anaendelea vizuri. Cha tisa, anaendelea vizuri.

"Kitanda cha kumi," akasema.

Ile pumzi ikaja. Tulijua urefu wake, ikaupita. Hata muuza njugu aliacha kutikisa debe lake.

"Nakhungu," ilisema spika.

Sauti ilivunjika katikati. Sijawahi kusikia mtu akitaja jina la mtu kwa shida namna ile. Kwa kawaida angemaliza hapo, angesema anaendelea vizuri na kwenda cha kumi na moja. Lakini naona akishatupa nguo mtu haoni haya kuingia majini.

"Nakhungu haendelei vizuri," alisema. "Ana uvimbe tumboni, mkubwa kama kichwa cha mtoto. Daktari hawezi kumpasua kwa sababu hali chakula. Hali chakula kwa sababu mimi sikumtaja. Sikumtaja kwa sababu ni mama mkwe wangu. Mama, hujafa. Usipokula utakufa kweli. Kula, nakuomba."

Halafu Wabukusu wote waliokuwa pale, wapagazi, wauza mboga, mabawabu, walishika vichwa vyao kwa pamoja. Bwana wa suti alitazama daftari lake akilifunga polepole.

Kutoka wodi ya wanawake ikatoka sauti ambayo haikuhitaji umeme.

"Nani huyo amenitaja?"

Tulimwona akitoka. Gauni la hospitali nyuma wazi, leso amejifunga haraka juu yake, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine unamsukuma Maximilla. Mtu aliyekuwa amekufa tangu wiki iliyopita alikuja mbio kwenye njia ya kokoto. Alipofika hatua chache kutoka dirisha la Maulizo, akasimama ghafla, maana ndani yumo mkwe. Akageuka, akapiga mgongo wake kwenye ukuta wa ofisi. Enos naye, ndani, akageuka akaegemea upande wake. Wakawa mgongo kwa mgongo na tofali katikati, na maiki, Mungu anisamehe, haikuwa imezimwa. Manyatta yote ilisikia.

"Mwana wa Wakhisi. Umenivua nguo mbele ya Wajaluo."

"Ndiyo, mama."

"Utatoa kondoo."

"Nitatoa."

"Kondoo mwenye mafuta. Si hawa wenu wa mjini wanakula karatasi."

"Mwenye mafuta, mama."

Mzee akavuta pumzi. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Hiyo uvimbe umesema. Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Kama kichwa ya mtoto?"

"Daktari ndiye alisema."

"Mimi waliniambia ni upepo." Akalipapasa tumbo. "Huko Kimilili upepo, hapa upepo. Tumbo ni yangu, na watu wa njugu wamejua pamoja na mimi. Sasa niambie. Wakinipasua, nitapona?"

Nilimjua Enos kwa miaka mingi, na jibu lake la swali hilo nililijua kama ninavyojua wembe wangu. Kwenye spika nilisikia midomo yake ikianza kulitengeneza. Kisha akaacha.

"Sijui, mama," alisema. "Daktari anasema nusu kwa nusu."

Nilidhani mzee atazirai. Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Leta uji," akamwambia Maximilla. "Na usiwe mwepesi."

Siku hiyohiyo Enos aliitwa mbele ya Daktari Mkuu. Ile hospitali iliyotangaza bawasiri ya mwalimu mkuu mpaka Migosi ikawa imegundua kuwa ugonjwa ni siri ya mtu, na kwamba Enos amevunja sheria. Kipaza sauti kilishushwa. Njiwa wakachukua mahali pake. Enos angefukuzwa pia, lakini hakupatikana mtu mwingine wa kukaa kwenye lile dirisha, Dishon alikuwa ameshakataa.

Siku ya Nakhungu kupasuliwa hakukuwa na spika, ila watu walikuja vilevile. Mama wa samaki walitoka Kibuye na karai zao. Walisimama uani wakitazama tangi kana kwamba litasema. Jua lilikuwa limeanza kuinamia upande wa ziwa Enos alipotoka nje kwa mlango, mikono mitupu, akapanda kwenye kiti changu cha kunyolea bila kuniomba.

"Nakhungu ametoka thieta," alisema kwa sauti yake ya kanisani. "Amefungua macho. Ameuliza kondoo yuko wapi."

Mlisikia timu yetu ya Gor ikifunga goli? Ilikuwa zaidi. Kiti changu kilivunjika mguu, na mpaka leo hakuna aliyenilipa.

Mzee huyo aliishi. Alirudi Kimilili, akala kondoo wake, na nasikia alijigamba mpaka uzeeni kuwa ndiye mama mkwe pekee aliyetajwa na serikali. Lakini kilichobaki kwetu Kisumu ni kingine. Watu walianza kufika kwenye dirisha la Maulizo na kuinama karibu, wakisema, "Bwana Enos, niambie kama mama mkwe." Hawakutaka tena anaendelea vizuri. Na Enos, ambaye sasa alikuwa amezoea kutukanwa na wakubwa, alikuwa anaacha dirisha, anaingia wodini kwa miguu yake, anauliza, anarudi kusema alichoambiwa. Foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba nilihamisha kiti.

Mwaka wa tisini na tatu nilisimama kwenye foleni hiyo mwenyewe. Mke wangu, Lornah, alikuwa ndani na kifua. Kila sista niliyemuuliza alitabasamu na kuniambia anaendelea vizuri, mzee, wewe nenda ukanyoe. Nilipofika dirishani Enos alinitazama, nywele zake zimeshakuwa za kijivu, mimi ndiye nilikuwa nazipunguza. Nilikuwa nimejitayarisha kuzungumza habari za mvua. Mdomo ukanisaliti.

"Niambie kama mama mkwe," nikasema.

Alitoka, akaenda. Alikaa muda. Aliporudi hakuingia ndani ya ofisi yake, alikuja kusimama upande wangu wa dirisha, akanishika mkono.

"Haendelei, Mzee Dalmas," alisema. "Hatarudi nyumbani. Lakini anasikia, na anakuuliza."

Nilitaka kumpiga. Kisha nilirudi kwenye kiti changu, nikafunga wembe kwenye kitambaa, nikamwachia jirani mteja aliyekuwa na sabuni nusu, na nikaenda kukaa na Lornah. Nilikaa naye siku zote zilizobaki.